Hesabu Giza Kabla ya Kuhesabu Vihisi

Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi na maofisa ugani, Morogoro

Mgeni rasmi, walimu wangu, maofisa ugani mliosafiri toka wilayani, na ninyi wanafunzi mliojaa hadi mlangoni: wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie mitandao ya vihisi visivyotumia waya, na hasa namna ya kuipanga ili eneo lote tunalotaka kulichunguza lifikiwe, bila kumaliza fedha wala betri. Mafundi wengi mtaani husema sensa. Mimi nitasema kihisi, yaani kifaa kinachopima au kugundua jambo pale kilipo, kwa kuwa sensa kwa wengi wetu ni ile ya kuhesabu watu, na leo nina hesabu nyingi za namna nyingine.

Somo hili nilianza kufundishwa kabla sijajua kusoma. Bibi yangu alilima mpunga bonde la Kilombero. Mpunga ukianza kutoa masuke, nusu ya kijiji ilihamia mashambani kuamia ndege. Kwa mliokulia mjini, kuamia ni kulinda mazao yasiliwe, na dungu ni lile jukwaa la miti anapokaa anayeamia ili aone juu ya mimea. Kwelea kwelea wakishuka kwa kundi kwenye jaruba, hawana muda mrefu. Mnabaki na mabua. Usiku ilikuwa zamu ya nguruwe pori. Sisi watoto tulipandishwa madungu, mchana tukiwa na teo na mawe, usiku tukiwa na debe la kugonga.

Bibi hakupanga madungu yake kwa kutazama mahali palipo rahisi kusimika nguzo. Alitupandisha kwanza sisi juu ya yale ya mwaka uliopita, kisha yeye akashuka shambani na kifurushi cha vijiti. Akitembea hatua kadhaa anapaza sauti: "Mnaniona?" Tukijibu tunamwona, anaendelea. Tukinyamaza, au mmoja akisema haoni, anachomeka kijiti pale pale. Akimaliza kuzunguka, shamba lina vijiti huku na huku, na dungu jipya linakwenda mahali ambapo vijiti vimesongamana. Nilikuwa na miaka sita au saba, na nikadhani ni mchezo. Nilipofika chuo kikuu na mwalimu akaandika ubaoni tatizo la ufunikaji wa eneo kwa vihisi, nilimwona Bibi na vijiti vyake. Alikuwa anahesabu giza. Nami nataka tuzungumze kutoka upande huo wa giza, kwa sababu karibu kila mradi niliouona ukianguka ulihesabu vifaa.

Chukueni shamba la hekta 100, yaani kilomita moja ya mraba. Tuseme kila kihisi kinaweza kugundua kitu kilicho ndani ya mita 20 kila upande. Duara lake lina ukubwa wa mita za mraba 1,257 hivi. Mtu aliyebanwa na muda anagawa: mita za mraba milioni moja kwa 1,257, anapata karibu 796. Anaandika kwenye bajeti vihisi 796, anaongeza vinne vya akiba, anaomba fedha za vihisi 800. Nimeona bajeti za namna hiyo zikipitishwa.

Sasa tuvitawanye hivyo 796 bila mpangilio, kama mbegu zinazorushwa kwa mkono. Je, shamba limefunikwa? Hapana. Maduara yanapandana. Mahali pengine yanakutana matatu au manne, na pengine hakuna hata moja. Nafasi ya kipande chochote cha ardhi kukosa duara hata moja ni karibu asilimia 37. Hekta 37 kati ya 100 ziko gizani, ingawa jumla ya maduara yote ni sawasawa na ukubwa wa shamba. Ukitaka giza lishuke hadi asilimia 5, unahitaji vihisi 2,384 hivi. Ukitaka asilimia 1, unafika 3,665. Angalieni gharama inavyopanda: kutoka asilimia 5 hadi asilimia 1 peke yake unaongeza vihisi zaidi ya 1,200, na bado hujapata uhakika wa sehemu yoyote maalumu. Giza la asilimia 1 linaweza kuwa juu ya mlango wa mfereji.

Mwanahisabati Mmarekani Richard Kershner alithibitisha mwaka 1939, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kufikiria vifaa hivi, kwamba njia yenye kupoteza kidogo kabisa ya kufunika uwanja kwa maduara yanayolingana ni kuweka vitovu vyake kwenye ncha za pembetatu zenye pande sawa. Umbali kati ya kitovu na kitovu uwe nusukipenyo mara 1.73. Kwa shamba letu ni mita 34 na nusu hivi. Hapo vihisi 962 vinatosha, ukiongeza vya pembezoni ili mipaka isibaki wazi unafika elfu moja na kidogo. Ukitumia miraba, jinsi wengi wetu tunavyopenda kwa sababu kamba inanyooka, nafasi ni mita 28 na unahitaji 1,250. Kwa hiyo kati ya kurusha hadi giza libaki asilimia 1 na kupanga, tofauti ni vihisi elfu mbili na mia kadhaa, kwa shamba moja na kifaa kile kile.

Lakini mpango wa pembetatu uliobanwa namna hiyo hauna akiba hata punje. Kihisi kimoja kikifa, pengo linafunguka. Fundi akisimika nguzo mita mbili pembeni kwa sababu amekuta jiwe, pengo linafunguka. Ndiyo maana mimi hupunguza nafasi. Ukiweka mita 30 badala ya 34 na nusu, unahitaji vihisi 1,283 hivi, na kila nguzo inaruhusiwa kukosewa kwa zaidi ya mita mbili na nusu bila giza kuingia. Akiba hiyo ninaijua ukubwa wake kabla ya kwenda dukani, na ninajua inanilinda dhidi ya nini. Anayenunua ziada bila hesabu hajui lolote kati ya hayo mawili.

Nimesema "mita 20" kana kwamba duara ni kitu cha kweli. Hapa naomba wanafunzi mwache kuandika mnisikilize, maana ndipo tunapokosea zaidi, na mimi nimekosea hapa.

Kihisi cha unyevu wa udongo kinahisi sentimita chache kuzunguka vijiti vyake. Ukikichomeka katikati ya jaruba na ukachora kwenye ramani duara la mita 20, hilo duara hukulipima. Umetoa dai kwamba udongo wote ndani ya mita 20 unafanana na ule wa pale ulipochomeka. Dai hilo linaweza kuwa kweli kwenye tambarare ya mfinyanzi iliyosawazishwa, na likawa uongo mtupu mahali ambapo mchanga unaanza hatua kumi mbele. Kamera nayo ina mwelekeo, na mti mmoja unaikata. Mwanahisabati Victor Klee aliuliza mwaka 1973 ni walinzi wangapi wanatosha kuona kila sehemu ya jumba lenye kuta za pembe nyingi, na Václav Chvátal akajibu mwaka 1975 kwamba idadi ya pembe ukigawa kwa tatu inatosha daima. Kwa maneno mengine, umbo la kuta ndilo linaloamua idadi, hata kama macho ya walinzi yanafika mbali kiasi gani.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye timu iliyofunga vihisi 40 vya unyevu kwenye skimu moja ya umwagiliaji. Sitaitaja. Kazi ilifanyika wiki mbili za mvua, barabara ya ndani ilikuwa matope, na tulifunga palipofikika: kandokando ya barabara, na kando ya mfereji mkuu. Kwenye skrini ya ofisi zilionekana nukta 40 za kijani, na ripoti ikaandikwa kuwa skimu imefunikwa. Niliisaini mimi. Mwezi uliofuata majaruba ya mkiani, kule mfereji unakoishia, yalipasuka kwa ukame huku skrini ikionesha unyevu wa kutosha kila mahali. Mzee mmoja mwenye jaruba huko alikuja mwenyewe kwa miguu. Hakupaza sauti. Aliniambia: "Mwanangu, hivi vitu vyenu vinalinda barabara."

Tulikwenda naye. Tukatembea skimu nzima kwa siku tatu, yeye na wenzake wakituonesha wapi maji hutuama, wapi hupita haraka, wapi udongo hubadilika rangi. Kati ya vihisi 40, tuligundua karibu kumi na vitano vilikuwa vinasema jambo lile lile, maana vyote vilikuwa kwenye ukanda mmoja wenye udongo mmoja. Tulihamisha tisa kupeleka mkiani na kwenye ukanda wa mchanga. Hatukununua hata kimoja. Baada ya hapo skrini ilianza kuonesha nukta nyekundu, na hizo nyekundu ndizo zilizofanya lango la maji lifunguliwe siku zinazostahili.

Kuna njia ya hesabu ya kufanya nilichofanyiwa na yule mzee. Mwaka 2005 Carlos Guestrin, Andreas Krause na Ajit Singh walionesha kuwa badala ya kuchora maduara, unaweza kujifunza kwanza kutoka kwenye data namna sehemu moja inavyofanana na nyingine, kisha ukachagua sehemu za kuweka vihisi kwa kigezo cha kila kimoja kinatupa habari kiasi gani kuhusu mahali ambapo hatutaweka kitu. Walijaribu, pamoja na kwingineko, kwenye data ya vihisi 54 vilivyofungwa ndani ya maabara huko Berkeley, California. Utaratibu wa kuchagua ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuuandikia programu jioni moja: weka kihisi cha kwanza pale kinapotoa habari nyingi kuliko popote. Cha pili kiweke pale kinapoongeza habari nyingi juu ya ile ya kwanza. Endelea hivyo hivyo, moja baada ya moja, bila kurudi nyuma.

Watu huudharau utaratibu huu kwa sababu una tamaa: unachukua kilicho bora sasa bila kutazama mbele. Lakini mwaka 1978 Nemhauser, Wolsey na Fisher walithibitisha kuwa kwa matatizo ya aina hii, ambapo kila nyongeza inaleta faida pungufu kuliko iliyotangulia, tamaa hii haiwezi kukupa chini ya asilimia 63 ya matokeo bora kabisa yanayowezekana. Kutafuta yale bora kabisa ni kazi nyingine. Uriel Feige alionesha mwaka 1998 kwamba kwa tatizo la kufunika, hakuna algoriti, yaani utaratibu wa hesabu wa hatua kwa hatua, ya haraka inayoweza kuahidi zaidi ya hapo, isipokuwa kama dhana kubwa inayoaminiwa na karibu wanasayansi wote wa kompyuta si kweli. Na mkumbuke vile vihisi 796 vilivyorushwa ovyo: vilifunika asilimia 63 pia. Namba moja, ile e ya wanahisabati, 2.718 hivi, ndiyo iliyo nyuma ya zote mbili. Mimi hufurahi kila ninapoifundisha.

Bibi na vijiti vyake alikuwa anafanya algoriti hii hii. Kila dungu jipya lilikwenda palipo na vijiti vingi.

Tuje kwenye zamu. Dungu halichoki, mtoto anachoka. Kwenye mtandao wetu nguzo haichoki, betri inachoka, na kinachoila zaidi mara nyingi ni redio. Tuseme nodi, yaani kihisi pamoja na redio na betri zake, ina betri mbili ndogo zenye uwezo wa milliampea-saa 2,500, na ikiwa macho kabisa inakula milliampea 20. Betri hizo zinaisha ndani ya saa 125, siku tano na kidogo. Ikiwa macho asilimia 1 tu ya muda, na usingizini ikila kidogo mno kiasi cha kupuuzwa, kwenye karatasi inafika siku 520. Hakuna betri mpya utakayonunua itakayokupa tofauti ya siku tano na mwaka na nusu. Tofauti hiyo inatoka kwenye kupanga usingizi.

Kwa hiyo vihisi vilivyopandana, ambavyo kwa mtazamo wa kwanza ni hasara, vinaweza kuwa hazina. Sasha Slijepcevic na Miodrag Potkonjak walipendekeza mwaka 2001 kugawa nodi kwenye makundi, kila kundi likiweza peke yake kufunika eneo lote. Kundi moja linakesha, mengine yanalala, kisha wanapokezana. Ukipata makundi manne, umri wa mtandao unakaribia mara nne. Kuyapata makundi mengi iwezekanavyo ni tatizo gumu kihisabati, lakini makundi mawili au matatu ya kuridhisha yanapatikana kwa kompyuta ya kawaida, na kwa mkulima kupata misimu miwili badala ya mmoja ni jambo kubwa.

Kuna mtego kwenye zamu, nao niliujua kwa kuchapwa. Usiku mmoja mimi na binamu yangu tulikuwa kwenye madungu mawili jirani. Mimi niliona yuko macho, nikasema moyoni: ananitosha, ngoja nisinzie. Yeye naye aliniona mimi. Nguruwe pori walipita katikati yetu na asubuhi jaruba zima lilikuwa limelala chini. Mwaka 2002, Di Tian na Nicolas Georganas, wakiwa Ottawa nchini Kanada, waliandika kuhusu kosa hili hili kwa nodi: kila nodi inaruhusiwa kulala ikiwa majirani zake wanafunika duara lake lote, lakini nodi mbili zikiamua kwa wakati mmoja, kila moja ikimtegemea mwenzake, zote zinalala na pengo linafunguka. Dawa yao ilikuwa kila nodi isubiri muda wa nasibu kabla ya kulala, na itangaze kwa majirani kuwa inalala. Anayetangaza pili anajua kwamba wa kwanza ameshaondoka, hivyo anabaki macho. Bibi alitatua kwa njia nyingine: tulipaswa kuitana kwa majina, na asiyeitikiwa haruhusiwi kufumba macho. Wanafunzi wanaoandika programu za nodi, jaribuni hali hii kabla hamjapeleka kitu shambani. Kwenye meza ya maabara yenye nodi nne haionekani. Inaonekana usiku wa tatu, shambani, zikiwa mia.

Sauti sasa. Mtoto aliyemwona nguruwe na hasikiki ni sawa na mtoto aliyelala. Kila nodi ina umbali wa kuhisi na umbali wa kusikika, na ni kosa kuvichanganya. Kuna tokeo zuri sana hapa, lililothibitishwa na Honghai Zhang na Jennifer Hou: ikiwa redio inafika angalau mara mbili ya umbali wa kuhisi, basi eneo likishafunikwa lote, mtandao nao umeshaunganika wenyewe. Unashughulikia tatizo moja, la pili linakuja bure. Chini ya mara mbili, lazima uyapange yote mawili, na mara nyingi utaongeza nodi ambazo kazi yake ni kupokezana ujumbe tu.

Kwa vihisi vya udongo mtasema redio inafika mita mia na zaidi, hivyo tuko salama. Mpime wakati gani? Uwanja ukiwa mtupu, redio za gigahezi 2.4 zinafika mbali. Mahindi yakizidi kimo cha mtu, majani yaliyojaa maji yanameza mawimbi, na viungo vilivyokuwa imara mwezi wa kupanda vinakatika mwezi wa kubeba. Uholanzi mwaka 2005 walifunga zaidi ya nodi mia moja kwenye shamba la viazi, wakitaka kupima unyevu na joto ili kuwahi ugonjwa wa baka jani. Walikuwa watafiti wazuri wenye vifaa vizuri. Walipata asilimia 2 hivi tu ya data waliyotarajia, kwa mlolongo wa makosa ya programu na ya mipango, na waliyaandika yote bila kuficha. Ninawaheshimu kwa hilo kuliko ninavyoheshimu ripoti nyingi za mafanikio. Siku hizi zipo redio za masafa ya chini ya gigahezi 1 zinazofika kilomita kadhaa kwa nishati kidogo, na kwa mashamba yetu ninazipendekeza kwa moyo wote. Zimepunguza tatizo la sauti. Tatizo la macho liko pale pale, maana kihisi bado kinaona sentimita zake chache.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kila mara tunataka kufunika uwanja wote. Si kweli. Kiangazi cha mwaka 2002, kwenye kisiwa cha Great Duck, jimbo la Maine nchini Marekani, watafiti walifunga nodi 32 kuchunguza ndege wa baharini wanaotaga kwenye mashimo ardhini. Hawakuhangaika na kisiwa kizima. Waliweka nodi ndani ya mashimo ya viota na nyingine nje karibu yake, kwa kuwa swali lao lilikuwa joto la kiota na kama ndege yumo. Eneo lililobaki halikuwa giza kwao, kwa kuwa hawakuuliza lolote kulihusu. Swali likiwa limeandikwa vizuri, vihisi vinapungua. Maofisa ugani, mkiletewa mradi, muulize kwanza: tunataka kujua nini, ili nani afanye nini, siku gani?

Na kuna mpaka. Anayetaka kujua tembo wanapoingia shambani hahitaji kujaza shamba lote, anahitaji mstari usiovukika bila kujulikana. Wataalamu Santosh Kumar, Ten-Hwang Lai na Anish Arora waliliwekea tatizo hili msingi wa hesabu mwaka 2005. Kule Sagalla, jirani na Tsavo nchini Kenya, wakulima wanatumia uzio wa mizinga ya nyuki iliyotundikwa kila baada ya mita 10 na kuunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Hizo mita 10 ndizo hesabu ya mpaka: ukiondoa mizinga miwili mfululizo kwa sababu ya kubana matumizi, umejenga mlango.

Nguruwe pori, nao, walinifundisha jambo ambalo baadaye nilikuja kulikuta kwenye vitabu. Hawapiti karibu na dungu. Wanapita katikati, umbali ule ule kutoka dungu hili na lile, kisha wanageuka pale njia tatu zinapokutana. Ukichora mistari iliyo sawa kwa umbali kati ya kila kihisi na jirani yake, unapata mchoro unaobeba jina la Georgy Voronoi, mwanahisabati aliyezaliwa Ukraine na kufa mwaka 1908. Njia salama kuliko zote kwa anayetaka kupenya bila kuonekana inafuata mistari hiyo. Meguerdichian na wenzake walitumia wazo hili mwaka 2001 kupima ubovu wa mtandao: tafuta njia ya mpenyaji anayejua kila kihisi kilipo, kisha uulize ni karibu kiasi gani alilazimika kukaribia kihisi chochote. Namba hiyo moja inasema kweli kuhusu ulinzi wako kuliko idadi ya vifaa. Na ncha za mchoro huo, pale mistari inapokutana, ndipo mahali pa kutazama kwanza unapotafuta giza. Programu za bure za ramani zinauchora kwa kubonyeza mara moja. Ninaomba kila ripoti ya mradi wa vihisi katika mikoa hii iwe na mchoro huo, na chini yake iandikwe kwa herufi zinazosomeka: mahali pa mbali kuliko pote kutoka kwa kihisi ni hapa, na ni umbali wa mita kadhaa. Mkulima aliyeko hapo ana haki ya kujua.

Nina neno kwa walimu na wenye mamlaka ya fedha. Fomu nyingi za miradi zina kisanduku cha idadi ya vifaa vilivyofungwa. Mkiacha kisanduku hicho peke yake, mtapata vifaa vingi kando ya barabara, kama nilivyofanya mimi. Ongezeni kisanduku cha pili: eneo lisilofikiwa, kwa hekta. Anayejaza atalazimika kushuka kwenye gari.

Kesho tunakwenda majarubani. Tukutane saa moja asubuhi getini, na mvae viatu vya matope. Vihisi vitabaki ndani ya masanduku hadi mchana. Kila kikundi kitachukua kamba ya mita 30, vijiti hamsini na daftari, na kitaambatana na wakulima wawili, mmoja wa mwanzoni mwa mfereji na mmoja wa mkiani. Mtatembea, mtauliza, na pale ambapo mkulima atasema hapa ninyi huwa hamfiki, mtachomeka kijiti.

Asanteni kwa kunisikiliza.